Kisanduku kitupu kilichoamua Mwigizaji Bora: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kinahusu tuzo za filamu zinazotolewa kila mwaka. Jina la tuzo, nchi, mwaka na majina ya filamu vimeondolewa, na alama zimesogezwa kidogo bila kuvuruga mpangilio wake, ili wahusika wasitambulike. Nimekiandika kwa ajili ya makatibu wa majopo ya majaji, wenyeviti wa kamati za maandalizi na yeyote atakayewahi kukabidhiwa kazi ya kujumlisha alama za wenzake. Kila mmoja katika kisa hiki alifanya kazi yake kwa nia njema, na bado tuzo ilikwenda kwa mtu asiye mshindi.

Usuli

Tuzo hizi zina vipengele 14. Kila kipengele kina wateule watano, na jopo la majaji watano humpa kila mteule alama kati ya 0 na 100. Wastani wa alama hizo ndio unaoamua. Hakuna kura za watazamaji katika vipengele vya uigizaji. Hilo liliamuliwa miaka ya nyuma baada ya malalamiko kwamba mwenye wafuasi wengi mitandaoni ndiye aliyekuwa akibeba tuzo.

Majaji hawakutani kutazama filamu pamoja. Kila mmoja hutumiwa viungo vya kutazamia akiwa nyumbani, kila kiungo na neno lake la siri. Watayarishaji wanaogopa filamu zao kuvujishwa, kwa hiyo huviwekea viungo hivyo tarehe ya kufa. Baada ya kutazama, jaji hujaza fomu yenye safu ya alama na safu ya maoni, kisha huituma kwa katibu wa majaji. Msaidizi wa katibu huhamisha alama kutoka kwenye fomu hadi kwenye jedwali la kompyuta. Jedwali lililokamilika hupelekwa kwa mkaguzi wa nje, ambaye huhakiki hesabu, huandika majina ya washindi kwenye kadi, huzifunga ndani ya bahasha na kuzipeleka ukumbini mwenyewe.

Kwa macho ya nje huu ni utaratibu imara. Bahasha zilisafirishwa ndani ya sanduku lenye kufuli, na mkaguzi hakuliachia hata alipokula.

Mtiririko wa matukio

Kipengele kilichohusika ni Mwigizaji Bora wa Kike. Nitawaita wateule A, B, C, D na E.

Jaji wa nne alikuwa na kazi nyingi, akaacha filamu ya C hadi mwisho. Alipobofya kiungo, muda wake ulikuwa umekwisha siku moja kabla. Aliandika barua pepe kwenye anwani ya jumla ya tuzo, ileile inayopokea maombi ya tiketi na maswali ya waandishi wa habari. Alijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Halikushughulikiwa. Siku ya mwisho ya kurejesha fomu ilipofika, aliwapa alama wateule wanne aliowaona: A 86, B 78, D 74 na E 80. Kwa C aliacha nafasi ya alama wazi, na kwenye safu ya maoni akaandika: “Filamu haikufunguka. Nimeomba kiungo kipya.”

Msaidizi alihamisha alama. Jedwali halikuwa na safu ya maoni, kwa hiyo sentensi ile ilibaki kwenye fomu, ndani ya faili ambalo hakuna aliyekuwa na sababu ya kulifungua tena.

Hapa inafaa kutulia kidogo na kuangalia jinsi jedwali lilivyotengenezwa. Programu za majedwali zina kanuni ya wastani ambayo huruka kisanduku kitupu. Aliyetengeneza jedwali hili hakuitumia. Aliandika hesabu yake mwenyewe, yaani jumla ya alama igawanywe kwa tano, kwa sababu majaji ni watano. Kisanduku kitupu ndani ya jumla hakiongezi kitu, na kigawanyo kinabaki tano. Kwa maneno mengine, C alipewa sifuri na jaji ambaye hakuwahi kuuona uso wake kwenye filamu ile.

Majaji wengine wanne walikuwa wamempa C alama 88, 91, 84 na 87. Jumla yake ni 350. Ukigawanya kwa nne unapata 87.5, lakini jedwali liligawanya kwa tano, likaandika 70.0. A alikuwa na 82, 85, 79, 86 na 83, jumla 415, wastani 83.0. Jedwali likampanga A wa kwanza na C wa mwisho kabisa.

Mkaguzi alihakiki jumla zote. Zilikuwa sahihi. Kadi ikaandikwa jina la A, bahasha ikafungwa, mshereheshaji akaita, A akapanda jukwaani akilia kwa furaha, na ukumbi mzima ukasimama.

Tuzo hizi zina desturi nzuri ya kuwatumia watayarishaji wa filamu zote zilizoteuliwa wastani wa alama zao baada ya sherehe, ili wajifunze. Barua zilitoka siku ya kumi na moja. Mtayarishaji wa filamu ya C aliona 70.0, akaandika barua fupi ya heshima. Hakudai chochote. Aliomba tu maoni ya majaji, kwa sababu alitaka kujua ni wapi mwigizaji wake alipungukiwa kiasi hicho. Ili kumjibu, katibu alifungua fomu kwa mara ya kwanza. Akafika kwenye fomu ya nne.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa katibu mwenyewe, na ndio uliookoa mengi. Angeweza kumjibu mtayarishaji kwa maoni ya majaji wanne, akalaza jambo. Funika kombe mwanaharamu apite. Badala yake alimpigia mwenyekiti wa bodi jioni ileile na kumtumia picha ya fomu pamoja na mstari wa jedwali.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa mwenyekiti: kabla ya kumwambia mtu yeyote mwingine, fomu zote za vipengele vyote zisomwe upya. Watu wawili walikaa pamoja, mmoja akisoma fomu kwa sauti, mwingine akifuata kwenye jedwali. Walikuta visanduku vitupu vingine vitatu. Kimoja kilitokana tena na kiungo kilichokufa. Viwili vilikuwa vya majaji waliojitoa kwa uadilifu, kwa kuwa walikuwa wamefanya kazi na mteule husika. Nao pia walihesabiwa sifuri, kwa hiyo jaji aliyejiweka pembeni ili asimpendelee rafiki yake aliishia kumwadhibu.

Walipima uzito wa visanduku hivyo kwa njia rahisi ninayoipendekeza kwa kila katibu. Jaza alama 100 mahali palipo wazi, yaani alama ya juu kabisa inayowezekana, kisha uangalie kama mshindi anabadilika. Katika vipengele vile vitatu hakubadilika. Kwa hiyo tatizo lilibaki moja tu.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mgumu: C afanyiweje? Kulikuwa na pendekezo kwamba jaji wa nne aitazame filamu sasa na kutoa alama yake. Bodi ilikataa, na nakubaliana nayo kabisa. Ili C amshinde A, alihitaji alama 66 tu kutoka kwa jaji huyo. Jaji angejua kwamba kalamu yake peke yake ndiyo inayompa mtu tuzo au kumnyima, na alama inayotolewa katika hali hiyo haifanani na alama wanayotoa wenzake wasiojua matokeo.

Badala ya kumuuliza, walipima njia tatu. Ukiondoa alama zote za jaji wa nne kwa wateule wote, A anabaki na 82.25 na C ana 87.5. Ukimpa C alama ya chini kabisa ambayo jaji huyo aliitoa kwa mteule yeyote, yaani 74, C anafika 84.8. Ukichukua wastani wa majaji wanne kwa C na watano kwa wengine, C bado yuko mbele. Njia zote zilimtaja mtu mmoja. Ili A abaki mshindi wa peke yake, jaji wa nne angelazimika kumpa C alama 64 au chini ya hapo, na hakuwa amemshusha mtu yeyote hivyo.

Pamoja na ushahidi huo, bodi haikumvua A tuzo. Iliamua tuzo iwe ya pamoja: sanamu ya pili itengenezwe, na rekodi ya mwaka huo ioneshe washindi wawili. Sababu iliyotolewa ni kwamba A aliipokea kwa nia safi mbele ya watu, na kosa halikuwa lake wala la kazi yake.

Uamuzi wa nne ulihusu kauli ya umma, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Afisa mawasiliano aliandika kwamba “kutokana na hitilafu ya kiufundi katika mfumo wa kujumlisha, bodi imeamua kutoa tuzo ya pamoja”. Hakukuwa na namba wala maelezo ya kisanduku, wala neno lolote kuhusu kilichotokea katika vipengele vingine.

Matokeo

Mwenyekiti aliwapigia A na C kabla ya kauli kutoka. A aliomba aoneshwe alama zote, akaoneshwa. Alisema hatairudisha sanamu kwa sababu hakuiiba, lakini pia hatapinga jina la mwenzake kuandikwa. C alikataa sherehe ndogo aliyoandaliwa. Alichotaka ni jina lake liwe kwenye orodha ya washindi wa mwaka uleule, kwa tarehe ileile, isiandikwe kana kwamba ni zawadi iliyokuja baadaye.

Mitandaoni kauli ilipokelewa vibaya. Ndani ya saa chache watu walikuwa wakisema matokeo yamechakachuliwa, wengine wakidai familia ya C imelipa, wengine wakimtuhumu A. Wateule wa vipengele vingine walianza kuuliza kama nao walipoteza kwa hitilafu hiyohiyo. Hilo ni swali la haki, na jibu lilikuwepo mezani tangu mwanzo: fomu zote zilishasomwa. Lakini halikuwa limesemwa.

Kauli ya pili ilitoka siku sita baadaye. Ilieleza kisanduku kitupu, kiungo kilichokufa, hesabu ya kugawanya kwa tano, zile njia tatu na ukaguzi wa vipengele vyote 14. Ilikuwa na jedwali la alama, majina ya majaji yakiwa yameondolewa. Tuhuma hazikuisha, ila zilipungua sana, na waandishi walioandika upya habari ile waliandika kuhusu utaratibu badala ya rushwa. Wakati huo A alikuwa amekaa karibu wiki nzima akitukanwa kwa kosa lisilo lake. Katika hasara zote za kisa hiki, hiyo ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu ilikuwa rahisi kuizuia.

Uchambuzi

Ulinzi ulianza mahali pabaya. Tuzo za filamu zimerithi desturi ya bahasha kutoka tuzo za Oscar za Marekani, na historia yake inaeleza kwa nini macho yote yanakimbilia huko. Katika sherehe ya kwanza kabisa, Mei 1929, washindi walikuwa wameshatangazwa miezi kadhaa kabla. Baadaye magazeti yalipewa majina mapema kwa masharti ya kutoyachapisha kabla ya wakati, mpaka mwaka 1940 Los Angeles Times lilipoyachapisha wageni wakiwa bado wanaingia ukumbini. Mwaka 1941 bahasha zilizofungwa zikaanza. Bahasha ni dawa ya kuvuja kwa siri. Haijawahi kuwa dawa ya hesabu mbaya.

Hata tukio maarufu zaidi la bahasha, lile la Oscar la Februari 2017, linathibitisha tofauti hii. Waigizaji Warren Beatty na Faye Dunaway, waliopewa kazi ya kutangaza Filamu Bora, walikabidhiwa bahasha ya nakala ya Mwigizaji Bora wa Kike, na La La Land, filamu ya mwigizaji aliyeandikwa kwenye kadi ile, ikatajwa kuwa Filamu Bora badala ya Moonlight. Kosa lile lilirekebishwa dakika chache baadaye palepale jukwaani, kwa kuwa kura zilihesabiwa vizuri, kadi sahihi ilikuwepo na wahasibu walijua jina lililopaswa kusomwa. Katika kisa chetu hakukuwa na kadi sahihi ya kukimbilia. Kadi ililingana na jedwali, na jedwali lililingana na lenyewe. Mtu angeweza kusimama pembeni ya jukwaa amekariri washindi wote 14 na asigundue lolote.

Mkaguzi hakuzembea. Mkataba wake ulianzia kwenye jedwali na kuishia kwenye bahasha, na ndani ya mipaka hiyo alifanya kazi safi. Waliouandika mkataba ndio waliodhani kwamba hatari iko kati ya hesabu na ukumbi, kumbe hatua dhaifu kuliko zote ilikuwa kati ya fomu na jedwali, pale msaidizi mmoja anapochapa alama zote za vipengele 14, yaani namba 350 kwa idadi, akiwa peke yake. Kuilinda hatua hiyo kungehitaji watu wawili na asubuhi moja.

Kanuni ya wastani isingetosha. Wengi walioelezwa kisa hiki husema mara moja kwamba jedwali lingetumia kanuni ya kawaida ya wastani, C angeshinda na hadithi ingeishia hapo. Ni kweli angeshinda. Lakini hakuna ambaye angejua kwamba jaji mmoja hakuitazama filamu yake, na mwaka mwingine kasoro hiyohiyo ingemwinua asiyestahili. Chukulia jopo lenye jaji mmoja mkali ambaye hampi mtu yeyote zaidi ya 60. Mteule ambaye filamu yake haikumfungukia jaji huyo atapata wastani mkubwa bila kuwa amefanya vizuri kuliko wenzake. Kuruka kisanduku kunaonekana kama haki, ila kunamzawadia mteule aliyekosa jaji mkali na kumwadhibu aliyekosa jaji mkarimu. Sharti la msingi ni kwamba wateule wote wa kipengele wahukumiwe na watu walewale.

Akademia ya Marekani, inayotoa Oscar, ilifika huko kwa njia yake. Mwezi Aprili 2025 ilitangaza kwamba kuanzia Oscar za 2026, mwanachama anapaswa kuwa ametazama filamu zote zilizoteuliwa katika kipengele ndipo apige kura ya mwisho katika kipengele hicho. Asipotazama hata moja, hapigi kura pale. Akademia ina maelfu ya wapiga kura na jopo letu lina watano, lakini hoja ni ileile: asiyeona wote hana namna ya kulinganisha.

Kisanduku kitupu kilibeba maana tatu. Jaji aliyekosa filamu, jaji aliyejitoa kwa mgongano wa maslahi na jaji aliyesahau tu kujaza, wote waliacha alama ileile, yaani kutokuwepo kwa alama. Fomu haikuwapa namna ya kusema ni lipi kati ya hayo. Jaji wa nne alisema, tena kwa maandishi, lakini alisemea mahali ambapo utaratibu haukuwa na masikio. Ndiyo maana siwezi kumlaumu, ingawa wapo kwenye bodi waliotaka aondolewe.

Hakuna aliyesoma mkiani. C alikuwa wa mwisho kwa pengo kubwa. Aliyekuwa wa nne, D, alikuwa na 78.4. Majaji wanne walimpa C alama za juu kuliko walizompa mshindi, kila mmoja wao, na bado wastani wake ulikuwa 70.0. Mtu yeyote angetupia jicho mstari ule kwa nusu dakika angeshtuka. Lakini jedwali lilipangwa kuanzia juu, na kila aliyelishika alitafuta jina la kwanza tu. Makosa ya aina hii huonekana zaidi chini ya orodha kuliko juu.

Tuzo ya pamoja: nilivyoiona. Naikubali kwa nusu. Kumnyang'anya A sanamu aliyopewa hadharani kungekuwa kumwadhibu kwa kosa la ofisi. Kisa kinachotajwa mara nyingi kama mfano wa kuvua, cha filamu ya makala iliyopokonywa Oscar mwaka 1969, si sawa na hiki. Filamu ile ilibainika kuwa ilishaoneshwa kabla ya kipindi kinachoruhusiwa, kwa hiyo haikustahili hata kuteuliwa. A alistahili kuteuliwa na alifanya kazi nzuri. Lakini tuzo ya pamoja, katika macho ya watu, humaanisha walilingana. Hawa hawakulingana. Rekodi ingeweza kumtaja C kuwa mshindi kwa alama na A kuwa mshindi aliyetangazwa, wote wakabaki na sanamu zao na ukweli nao ukabaki na mahali pake.

Yaliyobadilika, na lililobaki

Mwaka uliofuata fomu ilikuwa na chaguo la kujazwa kwa lazima pale alama isipokuwepo: sijatazama, nimejitoa, au sina uhakika na naomba kupigiwa. Fomu haiwezi kutumwa mpaka kila nafasi ijazwe. Viungo vyote sasa hufa wiki moja baada ya tarehe ya kurejesha fomu, na majaji wana namba ya simu ya mtu mmoja mwenye jina. Mkataba wa mkaguzi unaanzia kwenye fomu. Barua za wastani kwa watayarishaji zinaandaliwa kabla ya sherehe na kusomwa na mtu asiyewajua washindi, ambaye kazi yake ni kutafuta alama za ajabu.

Lililobaki ni la waliojitoa. Kanuni mpya inasema jaji anayejitoa kwa mteule mmoja hutolewa katika kipengele chote, na jaji wa akiba huingia. Katika tasnia ndogo ambamo karibu kila mtu amewahi kufanya kazi na mwenzake, jaji wa akiba naye mara nyingi ana mgongano uleule, na mwaka jana kipengele kimoja kiliamuliwa na watu watatu. Bodi inaona hiyo ni bei inayolipika. Mimi naona watatu ni wachache mno, kwa kuwa mmoja akitumia alama 40 hadi 95 huku wenzake wakizunguka kati ya 75 na 82, huyo mmoja ndiye aliyechagua mshindi. Nimependekeza majaji wapange wateule kwa nafasi badala ya kutoa alama. Bodi italijadili kabla ya uteuzi ujao kufunguliwa.